Kabla ya Kuongeza Mafuta kwenye Kichwa Kinachowasha

Juma lililopita dada mmoja wa Pongwe aliniandikia ujumbe mrefu akieleza kwamba kichwa kinamwasha hata usiku halali, kwamba amepaka mafuta ya nazi, ya nyonyo na ya habasoda kwa zamu, na kwamba kila akijikuna hudondoka vitu vyeupe mabegani. Swali lake lilikuwa moja tu: apake mafuta gani mengine? Nimeona nimjibu hadharani, kwa sababu wengi huniuliza hivyo hivyo, na kwa sababu niliishi na mwasho huo muda mrefu kiasi cha kuuzungumzia kwa uhakika ambao, niruhusuni niseme, baadhi ya wauzaji wa michanganyiko ya sokoni hawana.

Nilipoolewa nilihama Chumbageni, tulikokuwa tukitumia maji ya bomba, nikaenda kukaa na wakwe zangu Mwambani, ambako maji ya kuogea yalitoka kisimani. Yalikuwa na chumvi nyingi, na povu lilikuwa la kulitafuta. Sabuni ikikutana na maji ya namna hiyo hufanya utando mweupe unaong'ang'ania nywele na ngozi, na anayeugusa utando huo huongeza sabuni akidhani bado hajatakata. Nasi tulikuwa tukiogea sabuni ya mche, ile ile ya kufulia. Ngozi ya kichwa kwa kawaida ina uchachu kidogo, takribani 5.5 kwenye kipimo cha pH, ambacho namba ikipanda uchachu hupungua, ilhali sabuni ya mche hufika 9 au 10, kwa hiyo kila nilipoosha nywele nilikuwa naivua ngozi mafuta yake yenyewe. Ukiongeza jua la kaskazi, haikuchukua muda kichwa kikaanza kubana kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani, kisha kikawasha, kisha kikatoa unga mweupe, mwembamba, mkavu.

Unga huo ungekuwa siri yangu kama nisingekuwa mvaaji wa baibui. Katika arusi moja ya ukoo, tukiwa tumekaa upande wa wanawake, nililegeza ushungi ili nijipepee, na wifi yangu akanyoosha mkono akanipangusa begani kwa upande wa kiganja, taratibu, huku akiwatazama waliokaa mbele yetu. Akasema kwa sauti ya kusikika safu nzima, "Wifi, kwani maji ya kuogea Mwambani yamekwisha?" Walicheka wote. Hapa Tanga jibu la neno kama hilo hununuliwa dukani likiwa limekwisha kuandikwa kwenye kanga, nami kanga ya kumjibu nilikuwa nayo, lakini sikuivaa. Kilichoniuma ni kwamba wakati ule nilikuwa naosha kichwa kila siku, asubuhi na jioni, kwa sabuni nyingi, na kwa kweli sijui mwanamke aliyekuwa akijiosha kunizidi katika ukumbi ule.

Mama mkwe hakucheka. Yeye ni mzaliwa wa Kigombe, kwenye minazi, na mafuta ya dukani hayaamini. Tuliporudi nyumbani alikuna nazi zilizokomaa kwenye mbuzi, akakamua tui zito kwa kifumbu bila kuongeza maji mengi, akaliacha usiku kucha hadi utando mzito ukapanda juu, kisha akauengua na kuuchemsha kwa moto mdogo. Alinifundisha kusikiliza sufuria. Mwanzoni huchemka kwa kelele kwa sababu maji yangali ndani, kisha kelele hupungua, mashapo hugeuka rangi ya kahawia na kushuka chini, na mafuta hubaki juu yakiwa safi kiasi cha kuuona mwiko ndani yake. Hapo ndipo pa kuepua, kwani mashapo yakiungua mafuta hupata harufu ya moshi ambayo haitoki tena.

Alinipaka mafuta yale usiku, kwenye ngozi na si kwenye nywele, akigawa nywele mstari kwa mstari kwa chanuo. Mwasho wangu ulitulia usiku ule ule. Mume wangu, ambaye naye alikuwa akijikuna, alipoona hivyo akaomba chupa hiyo hiyo, akapakwa na mkono huo huo wa mama yake. Yeye alizidiwa. Baada ya siku chache kofia yake ya viua ilikuwa na duara la manjano upande wa ndani, na kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia, ngozi ilikuwa nyekundu na ina magamba yenye unyevu wa mafuta.

Nyumba ilikuwa moja, chupa moja na mpakaji mmoja, ila vichwa vilikuwa viwili tofauti. Kichwa changu kilikuwa kikavu. Cha mume wangu kilikuwa na mba. Mba huhusiana na kuvu aina ya Malassezia, inayoishi kwenye ngozi za karibu watu wote bila kuwasumbua, ila kwa baadhi yetu ngozi huichukia. Kuvu hii haiwezi kustawi bila mafuta. Huyavunjavunja mafuta ya ngozi na kuacha asidi zinazoichokoza, ndipo ngozi inapojitoa magamba haraka haraka. Kumpaka mtu wa namna hii mafuta kila usiku ni kumlisha mgeni usiyemtaka. Ukavu ni kinyume chake: ngozi imepungukiwa na mafuta na maji, na mafuta machache huisaidia kuyahifadhi.

Kwa hiyo, dada yangu wa Pongwe, kabla ya kuniuliza jina la mafuta, pitisha kitana kwenye ngozi na ukung'ute juu ya kitambaa cheusi. Vikidondoka vipande vidogo, vyeupe, vikavu, na mikono na miguu yako nayo imepauka, huenda ni ukavu. Vikiwa vikubwa, vya rangi ya manjano, vinanata kwenye kitana, na unawashwa pia kwenye nyusi, nyuma ya masikio au pembeni mwa pua, basi huo ni mba, na mafuta uyaweke kando. Nalirudia jambo hili kwa makusudi: tazama kwanza, ndipo upake.

Kilichonisaidia mimi mwenye kichwa kikavu ni mambo machache. Niliacha sabuni ya mche nikanunua shampuu laini. Nilianza kukinga maji ya mvua wakati wa masika, na mvua ikikosekana nilinunua dumu moja la maji ya bomba kwa ajili ya suuza ya mwisho tu. Nilipunguza kuosha kichwa hadi mara moja kwa juma. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha hupaka mafuta ya nazi kidogo, kiasi cha kijiko cha chai kwa kichwa kizima, na asubuhi huyaosha yote. Mwasho ukinijia katikati ya juma hupaka utomvu wa mshubiri, lakini si kwa namna watu wanavyoukata na kujipaka papo hapo. Jani likikatwa hutoa kwanza maji ya manjano machungu kutoka chini ya ganda, na hayo ndiyo yanayochoma ngozi. Lisimamishe kwenye kikombe hadi yachuruzike yote, kisha menya ganda na utumie ute mweupe wa ndani peke yake.

Siki nayo ina kazi yake, kwa kuwa huondoa ule utando wa sabuni na maji ya chumvi. Mimi hutia vijiko viwili vya chakula katika lita moja ya maji, nikamimina kichwani mwisho wa kuosha, kisha nikasuuza. Isipakwe ikiwa kali, wala isipakwe kwenye ngozi iliyochubuka kwa kucha. Limao silipendi kabisa, ijapokuwa nusu ya wanawake wa mtaa wetu watanipinga: maji ya limao yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi huungua na kuacha mabaka meusi. Majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kusagwa hutoa povu lenye upole kuliko sabuni, na hayo nayasifu bila kusita. Mwarobaini uliochemshwa nimeutumia pia. Hupunguza mwasho kiasi, ila usiunywe kwa ajili ya nywele, na mjamzito asiunywe kabisa.

Mume wangu hakupona kwa lolote kati ya hayo. Rafiki zake walimletea maji ya chemchemi za Galanos, kule karibu na Amboni, yenye salfa na harufu ya yai viza. Sikuwacheka, kwa sababu salfa hutumika hata kwenye dawa za dukani za mba, lakini yaliletwa kwenye dumu lisilo na kifuniko, na harufu yote ilikwisha kutoroka njiani. Aliyemsaidia ni mfamasia, aliyempa shampuu yenye ketokonazo, dawa ya kuua kuvu, ya asilimia 2. Ilimpasa kuosha mara mbili kwa juma kwa majuma manne, na kila mara povu likae kichwani dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuza. Wengi husema dawa hii haifanyi kazi, kumbe huisuuza papo hapo kama sabuni ya kawaida. Baada ya hapo huitumia mara moja kila baada ya juma moja au mawili, kwa kuwa mba hutulizwa, hauondoki moja kwa moja, na anayekuuzia chupa ya kuumaliza milele anakuibia.

Niwageukie sasa wenzangu tunaojifunika. Kufunga ushungi juu ya nywele zenye maji ni kuitengenezea kuvu joto na unyevu inavyovipenda. Osha kichwa siku ambayo una nafasi ya kukaa ndani hadi kikauke, hata kama mgeni atakuja na kukukuta umeachia nywele. Mnaosuka rasta, loweka nywele hizo za dukani kwenye maji ya siki usiku mzima kabla ya kusukwa, kisha zisuuze na kuzianika, kwani mara nyingi zimepakwa kitu kinachowasha. Na jamani, acheni kupangusana mabega hadharani. Ukimwona ndugu yako ana magamba, mvute chemba umwambie, au nyamaza. Mwasho si uchafu, na mtu anayeonewa haya huongeza sabuni, sabuni humwongezea ukavu, nanyi mnaendelea kumcheka.

Tiba za nyumbani zina mpaka wake. Vidonda vinavyotoa usaha, nywele zinazokatika na kuacha upara, magamba mazito ya rangi ya fedha, au mwasho usiopungua baada ya mwezi mmoja wa kujitunza, hayo yapelekwe zahanati, na kwa wa mjini Tanga, hospitali ya Bombo haiko mbali. Mtoto akiwa na viduara vilivyopukutika nywele, hayo ni mapunye, na hayataondoka kwa mafuta wala kwa kupaka krimu, kwa sababu kuvu yake imeingia ndani ya shina la unywele. Atapewa dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa. Ikiwa ni griseofalvini, mpe pamoja na chakula chenye mafuta, kwa mfano wali wa nazi, ili mwili uifyonze vizuri. Mashine ya kunyolea na kitana chake visitumiwe na mwingine, na vidonge vyake visigawiwe mdogo wake anayejikuna, kwani kiasi hupimwa kwa uzito wa kila mtoto. Mpeleke naye akapimwe.