Wasomaji Wauliza: "Nikibonyeza Ctrl na S, dirisha linaganda"

SWALI: Shikamoo mzee. Najifunza Linux chuoni. Nikiwa kwenye lile dirisha jeusi la terminali, mkono huenda wenyewe kwenye Ctrl na S ili nisevu. Hapo hapo kila kitu kinaganda. Naandika, herufi hazitokei. Huwa nalifunga na kuanza upya. Rafiki yangu anasema laptopu yangu imechoka. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Laptopu yako ni nzima. Bonyeza Ctrl na Q, dirisha litafunguka.

Barua yako imenirudisha miaka ya 1980, nilipokuwa nikiendesha mitambo katika ofisi moja Nairobi. Kompyuta yenyewe ilikaa kwenye chumba cha baridi. Makarani walikuwa na terminali za VT100 tu: kioo na kibodi, mistari 24 ya herufi 80, na waya unaoingia ukutani. Kushoto, ubavuni mwa Shift, palikuwa na kitufe kiitwacho No Scroll. Kidole kidogo kikiteleza hapo, maandishi yanasimama.

Siku moja karani wetu, dada makini sana, aliagiza orodha ya mishahara ichapwe. Kioo kimya. Akaandika amri tena, na tena, hadi mara tano. Nilipofika nikabonyeza kitufe kile kile: amri zote tano zikamiminika kwenye kioo, na printa ikaanza kunguruma. Tulikunja karatasi zenye matundu ubavuni mpaka saa kumi na moja jioni. Msimamizi akamkemea yeye, na mpaka leo nasema alionewa. Mashine ilikuwa ikisikia kila neno lake, ila ilikuwa imezibwa mdomo, na hakuna aliyewahi kumweleza.

Asili yake ni ya zamani zaidi. Teletype ASR-33 ya mwaka 1963, mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta, ilichapa kwenye karatasi, herufi 10 kwa sekunde, na ilikuwa na kisomaji cha utepe wa karatasi uliotobolewa matundu ya kuhifadhi maandishi. Kompyuta ikizidiwa, ilituma alama namba 19 kukisimamisha, kisha namba 17 kiendelee. Ctrl pamoja na herufi hutuma namba ya herufi hiyo. Hesabu herufi za Kiingereza kuanzia A: Q ni ya 17, S ni ya 19. VT100, iliyotoka mwaka 1978, ilitumia alama hizo hizo. Maandishi yakija kwa kasi ambayo haikuiweza, yenyewe ilituma 19. Dirisha lako linaiga terminali za aina hiyo, na Linux bado inazitii alama hizo, ndiyo maana linaganda.

Ukitaka kuondoa kuganda huko, andika amri stty -ixon, kisha mstari huo huo uuweke kwenye faili la .bashrc, linalosomwa kila ufunguapo terminali, maana bila hivyo utadumu katika dirisha hilo moja tu. Kabla hujafanya hivyo, likiganda usipige Enter ovyo. Amri yoyote uliyoiandika bila kuiona, hata ya kufuta mafaili, itatekelezwa mara tu utakapobonyeza Ctrl na Q.