Foleni ya Jioni Ikitangazwa Saa 2 Usiku, Inamsaidia Nani?

Barua nyingi za safari hii zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: je, taarifa za televisheni zitangaze hali ya barabara mchana na jioni? Majibu yametolewa na watu wa chumba cha habari pamoja na wa uhandisi wa barabara.

Ndugu Mhariri, kila siku naiona foleni ya Ubungo kwenye taarifa ya saa 2 usiku. Saa hiyo ama nimeshafika nyumbani, ama bado nimo humo humo kwenye foleni. Kwa nini wasitangaze mapema? — Msomaji, Kimara

Watangaze, na watangaze mapema kama unavyosema. Picha ya foleni saa 2 usiku ni kumbukumbu ya siku iliyopita, haimwondolei mtu hata dakika moja ya kukaa barabarani.

Aliyeshika usukani ni wa redio. Hana televisheni mbele yake, na asiwe nayo. Mtu wa televisheni ni yule ambaye bado hajatoka: yuko ofisini kwenye mapokezi, saluni, mgahawani, dukani Kariakoo, au nyumbani akimngoja mtoto wa shule. Kwa hiyo saa ya kutangaza ipangwe kwa kuangalia watu wanatoka kazini saa ngapi. Ofisi za serikali Tanzania zinafungwa saa 9:30 alasiri. Sekta binafsi wengi wanatoka saa 11:00. Taarifa moja iende hewani saa 9:15, nyingine saa 10:45. Ya tatu, kama nafasi ipo, saa 11:45 kwa wafanyabiashara wanaofunga maduka. Robo saa kabla inatosha mtu kuamua aondoke sasa, angoje, au abadili njia. Akitangaziwa saa 11:10 amekwisha kupanda daladala, hana la kuamua.

Urefu uwe sekunde 60 hadi 90, barabara tatu au nne tu. Mtangazaji wa Kiswahili anayesikika vizuri hutamka maneno kama 110 hadi 120 kwa dakika. Akijaza barabara nane, hakuna itakayoshikika.

Mimi niko Mwanza. Foleni ya Magomeni inanihusu nini? Waiache kwenye redio za Dar. — Msomaji, Nyamagana

Hoja yako ina uzito, na ndiyo sababu kubwa ya vituo vingi kusita. Habari za foleni za televisheni zina asili ya Marekani. Kituo cha KTLA cha Los Angeles kilirusha helikopta yake ya kwanza ya televisheni mwaka 1958, na vituo vya huko hutangazia jiji moja na viunga vyake. Anayetazama KTLA huenda anapita karibu kila siku kwenye barabara zinazotajwa. Vituo vyetu vikubwa viko kwenye setilaiti, vinaonekana Kagera hadi Mtwara. Kuwakatizia kipindi watu wa nchi nzima kwa ajili ya foleni ya Mwenge si haki.

Dawa yake ni kupunguza skrini, si kuacha huduma. Kipindi kiendelee, hali ya barabara ipite kwenye mstari wa maandishi chini, au kwenye ukanda wa pembeni wenye ramani ndogo. Skrini nzima ichukuliwe pale tu tukio linapogusa mikoa mingine. Barabara ya Morogoro ikikatika, mabasi ya bara yanakwama, na wewe wa Mwanza unayemngoja mgeni au mzigo una haki ya kujua siku hiyo hiyo.

Shikamoo Mhariri. Nafanya mafunzo kwenye kituo kidogo cha televisheni. Mkuu wetu anasema bila helikopta haiwezekani. Tunapataje hali ya barabara kwa uhakika? — Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Dar es Salaam

Marahaba. Helikopta haihitajiki, na kwa bajeti ya kituo kidogo ni kuchoma fedha. Hata droni si jibu la kila siku: inataka ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, betri yake hukaa hewani nusu saa hivi, na kuirusha juu ya umati wa watu ni hatari. Mnachohitaji ni vyanzo vitatu vinavyosahihishana.

Cha kwanza ni ramani za simu zenye rangi. Zinakusanya mwendo wa simu zilizomo barabarani, na kwa kawaida zinasema kweli, ila kwetu zina mitego. Bodaboda hupenya katikati ya magari yaliyosimama, na mwendo wao unaweza kuifanya barabara ionekane nyepesi kuliko ilivyo. Kwenye Barabara ya Morogoro kuna mtego mkubwa zaidi: basi la mwendokasi limebeba simu za abiria kibao, linakwenda kasi kwenye njia yake, mita chache kutoka kwenye foleni. Kipimo cha mahali cha simu hukosea mita 5 hadi 10, na njia moja ya gari ina upana wa mita tatu na nusu hivi. Simu ya aliyemo kwenye mwendokasi inaweza kuhesabiwa kana kwamba iko kwenye daladala. Mkiona rangi ya kijani Magomeni saa 11:30 jioni, msiiamini mpaka mtu athibitishe. Na mkiionyesha ramani hewani, jina la mwenye ramani lionekane muda wote ramani ikiwa kwenye skrini; ni sharti la matumizi.

Cha pili ni kamera. Mbili au tatu zinatosha, juu ya paa mliloruhusiwa na mwenye jengo. Kosa la kawaida ni mwelekeo. Kamera iliyofungwa Ubungo ikitazama Kimara inatazama magharibi, na kuanzia saa 10 alasiri jua linaipiga usoni, saa ile ile mnayoihitaji. Ifungeni upande wa Kimara itazame Ubungo, jua liwe mgongoni. Kosa la pili ni lenzi ya kuvuta mbali: inayabana magari yaonekane yamegusana hata kama yanatembea vizuri. Tumieni lenzi pana, na muonyeshe picha inayotembea kwa sekunde 8 hadi 10, kwa sababu picha mnato haitofautishi foleni inayosogea na iliyoganda. Kutuma picha ya ubora wa 720p kunataka megabiti 2 hadi 3 kwa sekunde. Wekeni laini mbili za mitandao tofauti, maana saa 11 mnara ulio karibu na foleni unazidiwa na watu wale wale waliokwama, wote wako kwenye simu.

Cha tatu ni binadamu: trafiki wa zamu, mwenye duka la makutanoni, kondakta. Kondakta, si dereva. Msimpigie dereva aliye kwenye mwendo hata mara moja.

Sasa kipimo chenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtangazaji husema "foleni ni kilomita moja" akadhani amemaliza. Gari dogo lililosimama, pamoja na nafasi iliyo mbele yake, huchukua mita 7 hivi, kwa hiyo kilomita moja ya njia moja ni magari kama 140. Swali ni yanatoka kwa kasi gani. Njia moja iliyoachiwa wazi kabisa hupitisha magari kama 1,800 kwa saa, yaani 30 kwa dakika. Makutanoni upande wenu ukipewa robo ya muda, yanabaki 7 au 8 kwa dakika, na wa mwisho kwenye foleni atafika mbele baada ya dakika 19 hivi. Trafiki akishika upande mwingine kwa muda mrefu, yakawa yanapita 4 kwa dakika, foleni ile ile ya kilomita moja inakula dakika 35. Urefu haujabadilika hata mita moja, muda umekaribia kuwa maradufu.

Kwa hiyo mtu wenu asimame makutanoni ahesabu magari yanayovuka mstari kwa dakika 10, si mbili, kwa sababu trafiki anaweza kushikilia upande mmoja dakika tano nzima na hesabu fupi ikawadanganya. Basi na lori kila moja ahesabu kama magari mawili au matatu. Magari yaliyomo kwenye foleni yagawanywe kwa idadi inayotoka kwa dakika, ndipo dakika za mtazamaji zinapopatikana.

Kila taarifa iandikwe saa ilipochukuliwa, ithibitishwe na vyanzo viwili, na ikizidi robo saa itupwe. Maneno yenyewe, kwa mfano: "Saa 10:40. Barabara ya Morogoro, Magomeni kwenda Ubungo, dakika 35. Kwa kawaida saa hii ni 20. Lori limeharibika njia ya kushoto kabla ya Shekilango. Wanaokwenda Mwenge, Kawawa hadi Morocco inapitika." Angalia lile neno *kwa kawaida*. Foleni ya Kimara jioni si habari kwa mtu wa Kimara, anaijua kuliko mtangazaji. Habari ni dakika 15 zilizozidi na kilichozisababisha. Wekeni daftari la dakika za kila siku ya wiki kwa mwezi mmoja kabla ya kuanza kutangaza. Bila hilo hamtajua kawaida ni ipi.

Kila wakitangaza njia mbadala, magari yanamiminika mitaani kwetu Sinza, na watoto ndiyo wanatoka shule. — Mzazi, Sinza

Malalamiko yako ni ya haki. Mtaa wenye njia moja kila upande, matuta na bajaji zimeegeshwa, unaweza kumeza sehemu ndogo tu ya magari ya barabara kuu. Ukitajwa hewani, dakika chache baadaye nao umeganda, na barabara kuu haijapungua kitu. Chumba cha habari kitaje mbadala ambazo ni barabara kubwa tu, Mandela, Kawawa, Sam Nujoma, na kiseme wazi kama lori zisipite. Njia za panya zisitajwe kabisa. Barabara kuu zote zikiwa zimejaa, ushauri wa kweli ni "bakini mlipo kwa dakika 40", na usemwe hivyo hivyo bila woga.

Mvua ikinyesha Jangwani wanasema "kuna foleni". Tukifika tunakuta maji. — Msomaji, Magomeni

Foleni na barabara iliyofungwa ni vitu viwili, na kuvichanganya kunawapotosha watu vibaya. Maji ya Mto Msimbazi yakipanda Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa kati ya Magomeni na Fire, na mwendokasi nao husimama. Neno la kwanza hewani liwe "imefungwa". Kisha watu wasielekezwe Kawawa kwa mazoea tu: barabara hiyo ina mabonde yake, Kigogo upande mmoja na Mkwajuni upande wa pili, nayo hujaa maji. Zithibitishwe zote mbili kwanza. Siku kama hiyo taarifa isingoje saa 9:15, iingie wakati wowote na irudiwe kila robo saa mpaka polisi wafungue. Na mtangazaji asionyeshe gari lililofanikiwa kuvuka maji kana kwamba ni ushujaa. Sentimita 30 za maji yaendayo kasi zinaweza kulichukua gari dogo, na mwingine atajaribu kwa sababu ameona.

Huku Nairobi redio zinatosha kwa habari za jam. Televisheni itaongeza nini? — Msomaji, Syokimau

Itaongeza uamuzi wa kulipa au kutolipa. Nairobi Expressway, barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa magari mwaka 2022, na ukishaingia huwezi kushuka ila penye mlango wa kutokea. Uamuzi unafanywa kabla ya mlango wa kuingilia. Televisheni inaweza kuweka dakika za Mombasa Road na dakika za Expressway kwenye skrini moja, upande kwa upande, jambo ambalo sikio peke yake halilishiki vizuri. Taarifa ya Kiswahili ya saa 1 jioni imechelewa kwa kazi hiyo. Saa 10:30 ingefaa.

Ajali ikitokea, je, waonyeshe? Ndugu yangu alimtambua mumewe kwa namba ya gari kwenye televisheni. — Dada, Mbagala

Pole sana, dada. Haikupasa kutokea. Habari ya barabara inataka mambo matatu tu: ni wapi, njia ngapi zimezibwa, na lini zitafunguliwa. Hayo yote yanaonyeshwa kwa kamera ya mbali au kwa alama kwenye ramani. Namba za gari, maandishi ubavuni mwa basi, nguo na viatu vilivyotapakaa visionekane. Kamera ya moja kwa moja ikiangukia eneo la ajali, fundi wa mitambo awe na ramani tayari ya kubadilisha papo hapo, bila kungoja amri ya mhariri.

Mimi ni kiziwi. Redio hainisaidii kitu, na mtangazaji wa televisheni anasema tu bila kuandika. — Msomaji, Temeke

Kwako wewe televisheni ndiyo chombo chenyewe, na kituo kinachosema bila kuandika kimekuacha nje. Kila barabara iandikwe mistari miwili, herufi zisizozidi 35 kwa mstari: wa kwanza jina na uelekeo, wa pili dakika na sababu. Mistari hiyo ikae sekunde 6 kabla haijabadilika, kwa herufi nyeupe kwenye rangi ya bluu iliyokolea. Hali isionyeshwe kwa nyekundu na kijani pekee, kwa sababu wapo wasiotofautisha rangi hizo. Idadi ya dakika iandikwe kando. Maandishi hayo yarudiwe mara mbili ndani ya nusu saa, kwani anayesoma hawezi kusikia kengele ya kumwita atazame.