Kabla ya Kumuuzia Mtu wa Ng'ambo Tandiko la Farasi

Kazi yangu ni kushona na kukarabati matandiko ya farasi hapa Nairobi, na kwa sababu hiyo watu wa Karen na Lang'ata wanaohama au wanaoacha kupanda farasi huniachia vifaa vyao niwauzie. Vingi hununuliwa humu humu nchini, lakini vingine huulizwa na watu wa Ulaya, Australia na nchi za Ghuba, na matapeli hujipenyeza katikati ya hao. Nimeona watu waangalifu wakipoteza mali na fedha kwa pamoja, ndiyo maana ninaandika.

Mtu akiniandikia kutoka ng'ambo, kwanza hujiuliza kwa nini anakitaka kifaa hiki hasa, na kwa nini akitoe Nairobi. Tandiko la ngozi la mtindo wa Kiingereza huwa na uzito wa kilo saba hivi, lakini kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege haziangalii mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000, na jibu likiwa kubwa kuliko uzito halisi, unalipia jibu hilo. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 hutozwa kama kilo 24. Sasa Uingereza kuna mji wa Walsall ambao umeshona matandiko kwa vizazi vingi, na yaliyotumika yamejaa sokoni kwao. Mtu aliye huko hana sababu ya kawaida ya kulipa nauli ya namna hiyo ili apate tandiko la Walsall lililokwisha kupigwa na jua la Nairobi. Sababu anaweza kuwa nayo mkusanyaji anayetafuta tandiko la jeshi la Uingereza la muundo wa 1912, au familia iliyowahi kuishi Kenya na inayokijua kifaa chenyewe. Hata hao, ukiwatajia nauli hushtuka, hujadiliana, wengine husema heri wamsubiri ndugu anayesafiri. Tapeli hashtuki, kwa kuwa hana nia ya kulipa.

Sikiliza pia anauliza nini. Anayenunua tandiko ananunua kwa ajili ya mgongo wa farasi anayemjua, kwa hiyo atataka ukubwa wa kiti kwa inchi, kama ni 17 au 17 na nusu, atauliza upana wa sehemu ya mbele inayokaa nyuma ya mabega, atauliza kama mito ya chini imejazwa sufu au sponji, na ataomba picha ya tandiko likiwa limepinduliwa. Tapeli huandika "bidhaa yako" kuanzia ujumbe wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu ujumbe uleule huutuma kwa wauza magari na wauza piano. Mimi humwuliza mnunuzi farasi wake yukoje mgongoni. Mwenye farasi hunieleza kwa kirefu na kuniongezea picha ambazo sikuziomba. Asiye na farasi hurudi kuuliza jina la benki yangu.

Ulaghai unaowanasa wengi ni ule wa malipo ya ziada. Mteja wangu mmoja, mama aliyekuwa akiuza tandiko la polo na lijamu zake, alipata mnunuzi aliyejitambulisha kuwa daktari wa mifugo huko Ubelgiji. Hakupunguza bei hata shilingi moja. Ilikuja hundi ya benki ya thamani inayokaribia mara mbili ya bei, pamoja na maelezo kwamba kilichozidi ni cha wakala wa usafirishaji, ambaye alipaswa kulipwa kwa M-Pesa kabla ya kuja kuchukua mzigo. Hundi yenyewe niliishika mkononi: karatasi nzito, alama ya maji, maandishi yaliyopangika vizuri, hakuna ambacho jicho lingekitilia shaka. Nilimsihi mama yule asitume chochote, tukaenda naye benki, tukaelezwa kuwa hundi ya nje hupelekwa kwanza kwenye benki iliyoitoa na jibu huchukua wiki kadhaa. Muda wote huo "wakala" alikuwa akipiga simu asubuhi na jioni, akidai kwamba gari liko njiani na kwamba tunamharibia kazi. Hundi ilirudi bila kulipwa. Tangu hapo ninawaambia wateja wote kwamba fedha za mnunuzi zisipite mikononi mwao kwenda kwa mtu mwingine, hata kama maelezo yanaingia akilini, kwa sababu mnunuzi halali anaweza kumlipa msafirishaji mwenyewe.

PayPal, huduma ya kulipana kwa mtandao, imeturahisishia mambo, hasa tangu 2018 ilipounganishwa na M-Pesa, lakini nayo ina mitego yake. Wa kwanza ni barua pepe ya kughushi inayosema kwamba malipo yamefika ila yamezuiliwa mpaka utume namba ya kufuatilia mzigo. Usibonyeze kiungo chochote ndani yake. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako uangalie salio. Mtego wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu fedha huingia kweli. Mnunuzi anamtuma mtu kuja kuchukua tandiko, kisha analalamika kwamba halikumfikia, na ana siku 180 za kufanya hivyo. Kinga ya muuzaji inataka uthibitisho kwamba mzigo ulifikishwa kwenye anwani iliyoandikwa kwenye muamala, na malipo yakifika dola 750 inataka na sahihi ya mpokeaji. Ukimkabidhi mtu mlangoni, huna uthibitisho huo. Mimi hutuma mwenyewe, kwa anwani hiyo na si nyingine.

Kuna pia anayepokea tandiko zima kisha akadai kwamba fremu ya ndani imevunjika. Kabla ya kufunga boksi hujirekodi video nikiegemeza sehemu ya mbele ya tandiko kwenye paja na kuvuta ya nyuma kuelekea kwangu, ili ionekane kwamba halikunjiki wala halilii, kisha kamera inasogea kwenye namba iliyogongwa kwenye ngozi. Wa Australia hulazimika kupokea kifaa kisicho na udongo, kinyesi wala manyoya, kwa hiyo usafi nao huurekodi.

Ikiwa fedha zimekwisha kutoka, kimbilia benki siku hiyo hiyo. Kama zilitumwa kwa M-Pesa, sambaza ujumbe wa muamala kwenda 456 bila kuchelewa, maana zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirudisha. Kisha uripoti kwa DCI, idara ya upelelezi wa makosa ya jinai. Usifute barua pepe hata moja na usitosheke na picha za skrini, kwa kuwa barua ya asili hubeba taarifa za njia iliyopitia, ambazo picha haiwezi kuzionyesha na ambazo wapelelezi watazihitaji.