Maswali na Majibu: Mbwa Wako na Vinavyotupwa na Bahari

Likizo ya Desemba inapokaribia, wafugaji wa Nairobi wanaosafiri na mbwa wao kwenda Diani, Nyali au Watamu kwa kawaida huniandikia kuhusu kupe na joto la ndani ya gari. Safari hii maswali mengi yamehusu viumbe wanaotupwa ufukoni na mawimbi, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko kupe.

Mbwa wangu aliokota bunju aliyekufa na kukauka kabisa huko Diani, nikamnyang'anya kabla hajammeza. Je, samaki mkavu namna hiyo bado ana sumu? (Msomaji, Kileleshwa)

Ndiyo, bado anayo, na ulifanya vyema kumnyang'anya. Sumu ya bunju, iitwayo tetrodotoksini, hukaa hasa katika ini, mayai, matumbo na ngozi, na haiharibiwi na moto wa jikoni wala na jua. Kwa sababu hiyo hata bunju aliyekaushwa akiwa amevimba, yule anayeuzwa kwa watalii kama pambo, hafai kuwekwa mahali ambapo mbwa anaweza kumfikia, hata kama nyumba yenyewe iko Kileleshwa na bahari iko umbali wa kilomita 480 hivi. Utamtambua kwa ngozi isiyo na magamba ya kawaida, ambayo mara nyingi ina miiba, na kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku.

Sumu hii huzuia chembe za sodiamu kuingia katika neva, hivyo ujumbe kutoka kwenye ubongo haufiki kwenye misuli. Mbwa huanza kudondosha mate na kutapika, kisha miguu ya nyuma hulegea, anayumba, na hatimaye misuli ya kupumulia hushindwa kazi. Dalili zinaweza kuanza baada ya dakika chache au saa chache, kutegemea kiasi alichomeza. Hakuna dawa inayoibatilisha sumu yenyewe; daktari humsaidia mbwa kupumua, kwa mashine ikibidi, hadi mwili uiondoe. Mbwa anayevuka saa 24 za kwanza kwa kawaida hupona, ndiyo maana ninasisitiza mwendo wa kwenda kliniki kuliko tiba yoyote ya ufukoni.

Naomba orodha ya viumbe wote wenye sumu ili niwafundishe watoto wangu. (Msomaji, South C)

Ombi lako ni jema, lakini nasita kulitimiza, kwa kuwa orodha humfanya mtu aamini kwamba kisichotajwa ni salama. Mwaka 2009 mbwa kadhaa walikufa baada ya kula walichookota kwenye fukwe za Auckland, New Zealand, na uchunguzi ukabaini kwamba koa wa baharini wa rangi ya kijivu alikuwa na tetrodotoksini ileile ya bunju. Kabla ya hapo ni watu wachache waliomdhania koa huyo ubaya wowote. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, mbwa walikufa mashariki mwa Uingereza baada ya dhoruba kutupa ufukoni samaki na viti vya pweza (wale viumbe wenye umbo la nyota) waliokuwa na sumu nyingine ya kupoozesha, ambayo asili yake ni vijimea vidogo vya baharini. Hapa karibu nasi, kisiwani Pemba, watu tisa walifariki mwezi Machi 2024 baada ya kula nyama ya kasa, kwa hiyo mzoga wa kasa ufukoni nao si wa kumwachia mbwa.

Wafundishe watoto kanuni moja tu: mbwa hali chochote kilichotupwa na bahari. Waongezee kwamba nyoka mwenye mgongo mweusi na tumbo la manjano akionekana mchangani, hata akiwa amelegea, haguswi na mtu wala mbwa, kwa maana bado anaweza kuuma na sumu yake ni kali.

Je, konyeza, yule kiumbe wa baharini laini kama jeli, akiwa amekufa anaweza kumchoma mbwa? (Msomaji, Kasarani)

Anaweza, kwa sababu vijimiba vyake hufyatuka vikiguswa hata baada ya mwenyewe kufa. Ndivyo ilivyo pia kwa yule kiumbe mwenye kibofu cha buluu na nyuzi ndefu. Ondoa nyuzi kwa kijiti au ukiwa umevaa glavu, suuza kwa maji ya bahari, usisugue mchanga. Akichomwa mdomoni au uso ukianza kuvimba, mpeleke kwa daktari bila kungoja.

Nyumbani tumezoea kumpa mbwa aliyekula sumu maziwa, au maji ya chumvi ili atapike. Je, inafaa kwa sumu hizi? (Msomaji, Rongai)

Haifai, na chumvi ndiyo mbaya zaidi, maana chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa na inaweza kumletea degedege. Maziwa hayaondoi sumu. Isitoshe, mbwa ambaye misuli ya koo imeanza kulegea hawezi kumeza sawasawa, hivyo unachomnywesha huenda kikaingia kwenye mapafu. Kumtapisha ni kazi ya daktari, akiona kwamba mbwa bado ana nguvu na muda haujapita. Mkaa wa hospitalini, ule wa kunyonya sumu tumboni, pia hutolewa na daktari, na tafadhali usiufananishe na ule wa jiko.

Ukiweza, piga picha ya alichokula na ubebe mabaki katika chombo chenye kifuniko bila kuyashika kwa mikono mitupu. Mfuko wa plastiki sikushauri, kwa kuwa tangu Agosti 2017 umepigwa marufuku nchini.

Je, ni lazima nimfunge kamba muda wote, ilhali tumesafiri ili akimbie? (Msomaji, Karen)

Mwache akimbie kwenye mchanga mtupu, lakini mfunge kamba kila mnapofika kwenye ule ukanda wa mwani na takataka unaoachwa maji yakipwa, kwa maana mizoga mingi hunaswa humo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, maji hupanda juu zaidi na ukanda huo husogea karibu na nyumba. Msimu wa kusi nao huleta mwani mwingi. Mbwa mlafi asiyesikia neno «acha» avalishwe kifuniko cha mdomo cha kimia kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, na mnyweshe maji yasiyo na chumvi mara kwa mara ili asiyatamani ya bahari.

Kabla ya kuondoka Nairobi, tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya aliye karibu na mtakakolala, mpigie simu, na umuulize waziwazi kama hupokea wagonjwa usiku na kama ana oksijeni.