Safari ya Marafiki hadi Wasini: Kwa Wewe Uliyepewa Kazi ya Kupanga

Kila kundi la marafiki Nairobi lina safari yake ya Pwani iliyozungumzwa mpaka ikachakaa. Tutateremka kwa barabara, tutapanda jahazi, tutakula kaa Wasini, kile kisiwa kilicho ng'ambo ya Shimoni, kusini mwa Pwani, halafu mwaka unaisha. Sasa wamekuchagua wewe uipange. Hongera, na pole.

Anza na pesa. Tarehe ndiyo huleta mabishano mengi, na wanaobishana zaidi ni wale ambao hata hawaji. Kwenye kikundi cha WhatsApp utaweka orodha, kila mtu aiongezee jina lake na kuituma tena. Kufikia jioni wawili watakuwa wameandika kwa wakati mmoja, jina la nambari tisa limepotea, na mwenyewe ananung'unika. Orodha hiyo iache iwafurahishe. Wewe weka yako kwenye daftari, na jina liingie tu ujumbe wa M-Pesa ukishaingia. Anayesema "nihesabuni" bado hajahesabiwa.

Amana isiwe ndogo mno. Mtu hawezi kuamka saa kumi usiku kwa ajili ya shilingi mia tano, atalala, azisamehe. Tangazeni mapema siku ambayo baada yake amana hairudi, na atakayejiondoa atafute wa kuchukua nafasi yake, wamalizane wenyewe. Wewe usiwe katikati.

Gharama za pamoja, yaani gari, dereva, mafuta na jahazi, zipigie hesabu kwa idadi ndogo kabisa unayoitarajia. Tuseme gari ni shilingi 60,000. Wakiwa 12, kila mmoja 5,000. Wakibaki wanane, inakuwa 7,500, na hiyo 2,500 ya ziada kuidai wiki ya safari ni kutafuta ugomvi. Bora uwaambie 7,500 tangu mwanzo, kisha uwarudishie. Sijamwona mtu aliyekasirika kwa kurudishiwa pesa. Nayo michango isikae kwenye laini unayonunulia unga. Tafuta laini nyingine, au akaunti ya watu wawili kama mnavyofanya kwenye chama.

Pesa zikianza kuingia, ndipo mzungumzie tarehe. Nairobi ikiwa na baridi ya Julai na Agosti kila mtu hutamani joto, lakini huo ndio msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, na bahari ya Shimoni huchafuka. Aprili na Mei ni masika. Desemba bahari inatulia na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ila bei za vyumba zinapanda hadi unashangaa. Mimi nachagua mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi: maji ni safi, Diani haina msongamano, na Njaanuari imeshapita. Mkianza kuchanga Agosti, mna miezi sita bila kumkaba mtu koo.

Kuhusu barabara sina mengi. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, na matatu ya kukodi hairuhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Ukiongeza kituo cha chai Emali na cha chakula Mtito Andei, ambayo ni kama nusu ya njia, pamoja na malori ya kuelekea Mariakani, siku nzima imekwisha. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, msiendeshe usiku. Makindu kuna hekalu la Masingasinga ambalo tangu zamani hulisha wasafiri bila malipo: vueni viatu, funikeni vichwa, tumbaku na pombe zibaki nje kabisa, na mkitoka acheni sadaka. Wenye watoto wadogo waruhusu waende na SGR bila kuwacheka, mradi kuwe na gari la kuwapokea Miritini, maana stesheni iko mbali na mji. Mkiwa mnaelekea kusini, barabara ya Dongo Kundu inawaepusha na foleni ya feri ya Likoni.

Siku hiyo ya kufika msipange jahazi. Laleni Diani, au Shimoni kwenyewe.

Jahazi ndilo linalohitaji akili yako yote, kwa sababu hapo wengi wa bara hatujui tunachonunua. Kabla ya kuuliza bei, muulize nahodha maji yatakuwaje siku hiyo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, na tofauti yake Pwani yetu inaweza kukaribia mita nne. Maji yakitoka namna hiyo, mahali mlipoteremka asubuhi huwa ni miamba na matope, na mwenzenu mwenye goti bovu hawezi kupanda chombo. Siku za maji mafu, yaani yanapojaa na kutoka kidogo tu, mambo ni mapole. Saa za kujaa husogea mbele karibu dakika hamsini kila siku, kwa hivyo saa aliyokwambia kwa Jumamosi usiihamishie Jumapili. Nahodha mzuri hukujibu haya bila kutazama simu. Akianza na "hakuna shida" kabla hujamaliza swali, tafuta mwingine.

Kisha omba kuona leseni ya chombo kutoka KMA, mamlaka inayosimamia vyombo vya majini, na idadi ya abiria iliyoandikwa humo. Hesabu jaketi za kuokoa maisha kwa mkono wako, ujaribu kufunga mojawapo. Ukikuta kamba imeoza, hiyo si jaketi. Uliza waziwazi bei inajumuisha nini: vioo vya kuogelea, chakula cha mchana Wasini, na hasa ada ya hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ambayo mara nyingi huwa nje. Ada hiyo hulipwa kwa eCitizen, hawapokei pesa taslimu langoni, na bei ya raia si ya mgeni. Asiyekuja na kitambulisho atajua mwenyewe.

Wanaolewa bahari wameze dawa kabla ya kupanda; wakishaanza kutapika imechelewa. Wakae katikati ya chombo, macho mbali kwenye upeo, na kifungua kinywa kiwe chepesi. Wale watakaotaka kushuka na bia, wakumbushe kwamba Wasini ni kijiji cha Waislamu. Wavae kanga au shati, na chupa zibaki bara. Wakati wengine wanapumzika baada ya kaa, pitieni ile njia ya mbao juu ya mikoko na matumbawe. Kiingilio kidogo kinaenda kwa kina mama wa kisiwa wanaoisimamia.

Mkirudi Nairobi, usisubiri kuulizwa. Piga picha risiti zote, ziweke kwenye kikundi ndani ya wiki moja pamoja na jumla iliyoingia na iliyotoka, kisha tuma salio la kila mtu siku hiyo hiyo. Atakayekwambia "libaki liwe la safari ijayo," mtumie lake pia. Safari ijayo itakuwa na mweka hazina wake.