Ukitaka kuwapa wazoefu dansi ngumu ya kontra

Kontra ni dansi ya New England, Marekani. Watu hupanga mistari miwili mirefu wakitazamana, hujigawa wanne wanne, na mwitaji hutaja hatua kwenye maikrofoni bendi ikipiga. Raundi moja ni mapigo 64, kisha kila jozi husogea, hukutana na jozi nyingine, na hatua zilezile huanza upya. Mimi ni mwitaji, na wanaoanza kazi hii huniuliza sana: wazoefu tuwape nini?

Wengi hudhani ugumu ni wingi wa hatua. Hapana. Dansi iliyosongamana hatua inachosha tu. Chukua Chorus Jig, ya zamani kabisa. Nusu yake ni kutembea kwenda na kurudi, lakini ile mizunguko ya kona, yaani wachezaji wawili walio mshazari nawe, huwatoa jasho hata wakongwe: unamzungusha mwenzako kwa mkono wa kulia, kona ya kwanza kwa kushoto, mwenzako kulia, kona ya pili kushoto, kisha unarudi kwa mwenzako, yote ndani ya mapigo 16. Ukichelewa kona ya kwanza, umechelewa zote. Ila fundo ni hilo moja, na ukilivuka unapata nafasi ya kupumua. Dansi za namna hiyo ndizo ninazozitafuta.

Nikishika kadi yenye hatua za dansi mpya, kwanza naangalia aliyepotea ataokotwa wapi. Kuzungushana na mwenzako kila raundi kunatosha kuwakusanya watu. Dansi zinazokutoa kwenye wanne wako kwenda mshazari kwa jirani wa kundi lingine ni tamu, lakini ukipotea huko hakuna wa kukushika mkono. Siziiti mbili mfululizo. Na wale wa mwisho wa mstari, mshazari ukifika wanakuta hewa! Waambie mapema wasimame wapi.

Hayo yote huyaona mezani kabla sijatoka nyumbani. Natandaza vizibo vya soda vya rangi mbili na kuvisogeza hatua kwa hatua. Panga makundi matatu au zaidi, kwa sababu kundi moja pekee litakuonyesha kila kitu kiko sawa hata kama jozi zitagongana ukumbini.

Ngumu kuliko zote naiita kabla ya mapumziko, miili ikiwa imepata moto na akili haijachoka. Usiku ukienda sana watu wanataka muziki, hawataki hesabu. Tunaipitia bila muziki mara mbili. Ikidai ya tatu, naiacha, nachukua kadi nyingine.

Halafu ongea na bendi. Kwenye dansi ya Rory O'More, pale wachezaji wanapoyumba kisha wakateleza kupishana, pigo lazima lisikike waziwazi. Wakishaishika dansi, punguza maneno, ubakize neno moja kabla ya fundo, nalo liishe kabla pigo la hatua yenyewe halijaanguka.