Kericho na Darjeeling kikombe kwa kikombe

Dada, umesema ulipika majani ya chai ya Kericho na yale ya Darjeeling, India, uliyoletewa, ukaona Darjeeling ni maji tu. Shida ni sufuria. Ukiyachemsha na maziwa vile tunavyopika chai nyumbani, Kericho itashinda kila siku. Majani yetu mengi hupita kwenye mashine ya CTC, inayoyaponda na kuyachana mpaka yawe punje ndogo, ndiyo maana rangi hutoka upesi na maziwa hayaifuniki. Darjeeling huviringwa tu, jani hubaki kubwa. Inataka inywewe strungi, bila maziwa.

Jaribu hivi: vikombe viwili vinavyofanana, gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika 6, kisha chuja. Hicho ndicho kipimo cha waonjaji, na hakina huruma, itakuwa kali! Pima kwa mizani, maana kijiko cha punje za CTC ni kizito kuliko cha majani makubwa. Halafu uivute kwa sauti kutoka kwenye kijiko, hata kama watoto watakucheka. Kericho itakukaza ulimi; Darjeeling husikika zaidi puani, kama maua, mara nyingine zabibu. Sukari ngoja kwanza.

Ukitaka mpinzani wa haki, tafuta majani ya Nandi yaliyoviringwa bila kusagwa. Nairobi yanapatikana, ila bei itakufanya ukune kichwa.